Siku Dosye ya Baba Ilipofunguka Ukumbini

Naanza kwa kukiri, ili wale walioisikia habari hii mitaani Butembo waache kunikata kauli: ndiyo, ni mimi, mimi ndiye yule mwalimu wa jiografia aliyeuonyesha ukumbi mzima, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, programu ya mazishi ya baba yake mzazi, na baba mwenyewe ameketi mstari wa mbele, mzima wa afya, amevaa koti jipya, anasubiri keki. Sikatai. Nimechekwa sokoni, nimechekwa na wanafunzi (wanafikiri sisikii), na hata padri alinicheka, ingawa yeye kwa heshima aligeukia ukuta kwanza. Ninachotaka ni kuieleza ilivyokwenda, kwa sababu watu huianzia pale kwenye shuka, na mimi naona ilianzia mbali zaidi, kwenye kitu kidogo sana, yaani kufunga dosye (wengine huiita folda) moja ya kompyuta kwa neno la siri.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa mpangilio, na sisemi hivyo kwa kujisifu, mke wangu husema ni ugonjwa. Kwetu tuko watoto wanne tulio hai: dada yetu Masika, aliyeolewa Beni, yaya Kambale, yaani kaka yetu mkubwa, anayeuza vitenge hapa Butembo, mtu wa sauti kubwa na maneno mengi, Kasereka, anayelima viazi kule Alimbongo na ambaye akisema sentensi mbili kwa siku tunamshukuru Mungu, halafu mimi Kakule, wa mwisho, niliyesoma. Na mnajua mambo ya aliyesoma katika familia, barua ni yeye, matangazo ya kanisani ni yeye, orodha ya wageni wa harusi ni yeye, na siku kompyuta ilipoingia nyumbani kwangu ikawa kompyuta ya ukoo, kila mtu anaingia anakaa anabonyeza.

Mwaka juzi baba alikwenda Beni kumsalimia Masika, akaugulia hukohuko. Tulipofika hospitali alikuwa hasemi, macho ameyafumba, na siku ya tatu daktari alituita pembeni akatuambia kwa upole, «Mujitayarishe.» Ndugu zangu walielewa kwamba tusali, wakatoa rozari. Mimi nilielewa neno kama lilivyosemwa. Niliketi kwenye benchi la korido, kompyuta magotini, mchana kweupe, wagonjwa wanapita na ndoo zao, nikajitayarisha: tangazo la kifo, wasifu wa marehemu, programu ya mazishi saa kwa saa, orodha ya nani apigiwe simu na nani wa kuleta nini. Niliogopa sana siku ile, naomba mniamini, lakini mimi hofu yangu hutoka kwa njia ya orodha.

Mama alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Nilipofika kwenye sehemu ya watoto nikamwuliza niwapange namna gani, hakuniuliza ninaandika nini, akasema tu, taratibu, «Andika bote. Anzia Paluku.»

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wasio Wanande. Kwetu jina la mtoto halichaguliwi, linahesabiwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku (wengine humwita Mumbere, au Nzanzu, lakini ni yuleyule wa kwanza), wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, hesabu inaendelea, na wasichana nao wana hesabu yao, inayoanza na Masika. Sasa tazama sisi. Wavulana tuko watatu, na mimi wa tatu naitwa wa nne. Mtu yeyote wa huku akisikia majina yetu anajua mara moja kwamba mbele ya Kambale kuna nafasi, na kwamba aliyeiacha hakuhama. Hesabu yetu haimfuti aliyekufa.

Lakini nyumbani kwetu jina hilo halikuwa likitajwa. Si mila, ni baba. Paluku alikufa mdogo, akazikwa Alimbongo, na tangu hapo baba hakulitamka. Masika anakumbuka kwamba Kambale alipokuwa na miaka kama sita aliuliza mezani, «Tata, Paluku iko wapi?» na baba akaweka kijiko chini, akatoka, akaenda shambani mpaka jua likazama. Hakuna aliyeuliza tena. Kwa hiyo mama aliponiambia pale Beni nianzie Paluku niliandika haraka, kwa woga, bila kunyanyua uso: «Paluku, aliyemtangulia akiwa mtoto mchanga.»

Siku ya nne baba alifungua macho akauliza viatu vyake viko wapi. Baada ya wiki mbili alikuwa amerudi Butembo anagombana na mafundi wa paa.

Mtu mwenye akili angefuta ile dosye siku hiyohiyo. Mimi sikuifuta, na sababu niliyompa mke wangu ni kwamba ndani yake mlikuwa pia na picha zote za zamani, nilizokuwa nimezipiga upya moja moja kutoka kwenye kopo la picha ambalo mama alikuja nalo Beni, ili zitumike kwenye mazishi, na ni kweli zilikuwamo. Sababu ya pili sikumpa. Ule wasifu ulikuwa mzuri. Nisiwe mnafiki, ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika, kulikuwa na sehemu moja kuhusu baba na baiskeli yake ambayo niliisoma mara kwa mara nikiwa peke yangu, nikitikisa kichwa kwa kuridhika.

Sasa ikawa siku moja shemeki, mke wa Kambale, amekuja kwangu kutazama video za harusi, nikatoka jikoni na chai nikakuta mshale wake umesimama juu kabisa ya ile dosye iliyoandikwa BABA. Chai ilinimwagikia mkononi. Maana kwetu ukimwandikia mtu mazishi naye bado anakula, huitwi mtu wa mpangilio, utaambiwa umemwita kifo, na ukoo utakaa kikao juu yako, na baba mwenyewe atajua kwamba pale alipokuwa amelala mtoto wake alikuwa akipanga saa ya kumtoa nyumbani. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha. Baba na mimi hatukuwahi kuambiana mambo makubwa, tunaambiana habari za mvua na za paa, na sikutaka jambo kubwa la kwanza kati yetu liwe hilo.

Nilimwendea mwenzangu anayefundisha informatique, yaani somo la kompyuta, shuleni. Akaniwekea programu ndogo ya kufunga dosye, na akanipa na shauri juu yake: «Usitie date ya kuzaliwa, batu bote banaanzaka na ile. Tia neno yenye hakuna mutu wa kwenu anaweza kusema. Na utie indice, juu siku moja utasahau weye mwenyewe.»

Neno ambalo hakuna mtu wa kwetu anaweza kusema! Nilitabasamu. Nikaandika Paluku. Na kwenye indice, yaani ile alama ya kumkumbusha aliyesahau, nikaandika «wa kwanza». Nikaona nimemaliza, nikaona mimi ni fundi. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango nikatundika ufunguo nje, kwenye msumari, katika mji ambao kila mtu anajua kuhesabu mpaka nne.

Basi mwaka huu baba na mama walitimiza miaka hamsini ya ndoa, na familia ikaamua kuunganisha jubilei na shukrani kwa kupona kwa baba, misa asubuhi, halafu karamu kwenye ukumbi. Kasereka alileta viazi na kuku na groupe ya umeme, yaani jenereta. Masika akapanda na watu wa Beni, wakampitia shangazi yetu, dada yake baba, kule Kalunguta. Kambale akachukua mikrofoni, hakuna aliyempa, aliichukua. Na mimi nikapewa picha: chakula kikiisha, picha za wazee zionyeshwe kwenye shuka, moja moja, nami nizieleze. Nilizitoa kwenye dosye nyumbani, nikazitia kwenye clé, ile flash ndogo ya kuchomeka, nikaitia clé mfukoni mwa suruali. Mpangilio.

Suruali hiyo mke wangu aliifua asubuhi.

Mtu wa sono, yaani fundi wa spika na mitambo, alichomeka clé ile, akaichomoa, akaitikisa, maji yakatoka. Akanitazama kwa huruma. «Prof, hii imeisha kufa. Leta machine yenyewe, tuibranche direct.» Na kompyuta nilikuwa nayo begani, maana mimi siachi kompyuta nyumbani (hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa). Ningeweza kusema nimeiacha. Ningeweza kusema chaji imekwisha. Lakini Kambale alikuwa ameshaona mfuko, na alikuwa ameshaanza: «Bapendwa bageni, sasa munaenda kuona mapicha ya Tata na Mama, tangu bujana yabo! Kakule, fungula!»

Makofi. Waya ya projekta ikaingia. Uso wa kompyuta yangu ukatokea kwenye shuka, mkubwa, na dosye BABA katikati. Baba akasogeza kiti mbele. Alikuwa ameniuliza mara mbili tangu asubuhi kama ile picha ya baiskeli ipo.

Nikabonyeza, kidirisha cha neno la siri kikafunguka, na hapo, ndugu zangu, nilifanya lile jambo dogo la pili ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Nilijua kwamba nikifungua, majina ya faili yatakuwa kwenye shuka kabla ya picha. Kwa hiyo nikageuka nikasema, kwa sauti ambayo wa mbele wote waliisikia, mama akiwa mmoja wao:

«Yaya, nimesahau mot de passe.»

«Unasahau namna gani? Mwalimu muzima?» alisema Kambale, ndani ya mikrofoni. «Jaribu kwanza.»

Nikajaribu. Niliandika upuuzi, herufi yoyote iliyokuja, ili waone kwamba kweli imekataa, tuendelee na keki. Na nilikuwa nimesahau kitu kimoja, safari hii kwa kweli: programu ile, ukikosea, inakusaidia. Kwenye shuka ikatokea, kwa herufi za kusomeka mpaka mlangoni: «Mot de passe incorrect. Indice: wa kwanza.»

Kambale akacheka kwa furaha, nikaona hata aibu kwa niaba yake. «Wa kwanza? Mais njo mimi! Mukubwa hapa ni nani?» Akaniweka kando, akaketi mwenyewe, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, akitazama watu. Ikakataa. Akaandika kwa herufi kubwa. Ikakataa. Akatia na mwaka wake wa kuzaliwa, akiutaja kwa sauti, na ukumbi wote sasa ukaujua, na mke wake akaujua pia, maana kumbe alikuwa amejipunguzia mitano.

Kuanzia hapo ikawa mchezo. Katekista akasimama akasema, «Tia Mungu! Wa kwanza ni Mungu!» ikakataa, na katekista akaketi akiwa amekasirikia kompyuta. Masika akapaza sauti kutoka meza ya Beni, «Wa kwanza kuzaliwa ni mimi, mbele ya bale bote. Tia Masika.» Ikakataa. Mmoja nyuma akasema jaribu Lundi, yaani Jumatatu, siku ya kwanza ya wiki, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, ndiyo, nilicheka, nikiwa nimesimama pale nikiangalia kama mgeni aliyealikwa, nikiisikiliza groupe ya Kasereka. Huu ni mji ambao taa huzimika ukiwa katikati ya kunyoa ndevu. Siku hiyo groupe ilinguruma bila kukohoa hata mara moja.

Halafu kicheko kikaanza kupungua, na nilijua sababu kabla hakijaisha. Nilikuwa nawaona wakielewa, mmoja mmoja, watu wazima. Waliangalia lile neno kwenye shuka, wakamwangalia Kambale aliyekataliwa, wakahesabu kurudi nyuma hatua moja, wakainamisha macho kwenye sahani. Shangazi akaanza kukunja kitambaa chake. Masika akaketi. Ukumbi mzima ulilijua neno langu la siri, na hakuna hata mmoja aliyelitaja, kwa heshima ya baba, ambaye alikuwa anatazama magoti yake.

Nikafikiri nimeokoka. Nikamwambia Kambale, «Yaya, tuache, tukate keki,» na Kambale, ambaye naye alikuwa ameelewa, akaanza kunyanyuka.

«Kambale,» alisema mama. Hakunyanyua sauti, hakuhitaji. «Tia Paluku.»

Yaya hakumtazama mtu. Aliandika kwa kile kidole chake kimoja, herufi sita, ilichukua muda mrefu, na dosye ikafunguka.

Zilikuwamo picha, ndiyo, lakini nimeshawaambia mimi ni mtu wa mpangilio, na faili za maana nilikuwa nimezitanguliza kwa namba. Namba moja, Tangazo la kifo cha Baba. Namba mbili, Wasifu wa marehemu Baba, toleo la mwisho kabisa. Namba tatu, Programu ya mazishi. Shangazi, ambaye husoma kila maandishi anayoyaona, hata ya kwenye magunia, akasoma kwa sauti: «Wa-si-fu wa ma-re-he-mu… Marehemu nani?» Na Kambale kwa haraka ya kutaka kufunga akabonyeza mara mbili mahali pasipofaa, na namba tatu ikafunguka yote, ikajaa shuka zima:

«Saa tatu: mwili kutoka nyumbani. Saa nne: misa. Saa sita: neno la Kambale (dakika tano TU, azuiwe). Saa sita na nusu: chakula, viazi vya Kasereka. Angalizo: shangazi wa Kalunguta asipewe mikrofoni.»

Sitaki kuongeza chumvi, ilivyokuwa inatosha. Kuna waliopiga ishara ya msalaba. Kuna mama mmoja aliyetoka nje na sahani yake. Shangazi alisimama, na kwa kuwa mikrofoni ilikuwa mezani pale mbele aliichukua, kwa hiyo lile angalizo halikusaidia kitu. «Kakule! Unaita kifo mu nyumba ya ndugu yangu? Alikufanyia nini? Ndugu yangu alikukosea nini, weye mutoto?» Na Kambale, maskini, Kambale alikuwa bado anatazama shuka, akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, «Dakika tano, Kakule?»

Niliungama. Sikuwa na pa kwenda. Nilisema ni mimi, niliandika Beni, hospitali, siku ya tatu, daktari aliposema tujitayarishe, na kwamba baada ya hapo sikufuta. Nilisema hayo nikimtazama baba, na baba alikuwa bado anatazama magoti yake, mikono yote miwili juu ya fimbo, na nilihisi kabisa kwamba nimempoteza, kwamba kuanzia siku ile hata habari za paa hataniambia. Nikaona afadhali anipige na ile fimbo.

Baba akakohoa. «Ile ya pili,» alisema. «Soma.»

«Tata, hapana…»

«Soma. Siku ile yenyewe sitasikia kitu.»

Shangazi akaketi. Nilifungua namba mbili, nikasoma wasifu wa marehemu mbele ya marehemu. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nilisoma kwamba marehemu alizaliwa Lubero, baba akanyanyua kidole. «Alimbongo. Lubero nilienda kusoma tu.» Nikasahihisha palepale, herufi zikibadilika kwenye shuka. Nilisoma kwamba marehemu alikuwa mtu mpole na mvumilivu, na mama akasema, «Mupole?» neno moja tu, ukumbi ukalipuka kwa kicheko, hata padri, na hapo ndipo alipougeukia ukuta. Nikafika kwenye baiskeli, sehemu yangu, jinsi marehemu alivyokuwa akisukuma baiskeli nyeusi yenye viazi kwenye milima ile mpaka kwenye soko, miaka na miaka, ili watoto wasome, na jinsi mdogo wao, anayeandika haya, alivyokuwa akisikia kengele ya baiskeli hiyo jioni na kujua kwamba dunia iko salama. Sikuwahi kumwambia hilo. Hata sasa sijui kama ningemwambia kwa njia nyingine.

Baba akanyanyua kidole tena. «Haikukuwa nyeusi,» alisema. «Ilikuwa ya kijani.» Lakini alikuwa ananitazama mimi sasa, si magoti.

Nikaandika kijani. Nikaendelea, na macho yangu yakawahi kuuona mstari uliofuata kabla ya mdomo, na nikasimama. Mstari ulikuwa kwenye shuka, kila mtu ameshausoma. Baba akasema, «Enda.»

«Marehemu ameacha mke na watoto,» nilisoma. «Paluku, aliyemtangulia akiwa mtoto mchanga…»

«Rudilia.»

Nikarudia. Nje groupe inanguruma. Mama alikuwa ameweka mkono wake juu ya ule wa baba, kwenye fimbo.

«Haikukuwa mutoto muchanga,» alisema baba. Alisema polepole, akinitajia neno kwa neno, kama anavyofanya anapotaka niandike barua. «Alikuwa na miezi saba. Alikuwa anaisha kukaa peke yake. Alikuwa na meno mbili, za chini. Andika.»

Niliandika. Mbele ya watu wote, kwenye shuka jeupe, herufi moja moja: miezi saba, anaketi mwenyewe bila kushikwa, meno mawili ya chini. Nilikosea mara mbili, na hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo tulionyesha picha, baiskeli ilikuwamo, haina rangi kwa sababu picha za zamani hazina rangi, na baba akaigombeza picha. Keki ilikatwa. Kambale alipewa dakika ishirini na tano na hakuna aliyethubutu kumzuia. Shangazi hakunipa mkono wakati wa kuondoka, alinipa mwezi uliofuata.

Mngedhani aibu imeishia hapo. Mimi nilidhani hivyo. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa wazazi kurudisha viti, nikamkuta mama uani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimsalimia, akaitika, akaendelea kuchambua, na nilikuwa karibu kuondoka aliposema, bila kunitazama:

«Beni nilikuambia ile jina na mudomo yangu. Na jana unasema mbele ya batu, umeisahau.»

Sijui kama mmenielewa. Tangu jana nilikuwa nikijilaumu kwa ajili ya baba, kwa ajili ya programu, kwa ajili ya Kambale na dakika zake. Haikunijia hata kidogo kwamba nilisimama mbele ya mama yangu, kwa sauti ya wa mbele wote kusikia, nikasema nimesahau, na kile nilichosema nimesahau kilikuwa jina la mtoto wake.

«Sikusahau, Mama,» nilisema. «Nilidanganya.»

Akanyanyua uso. «Kweli, ulidanganya?»

«Kweli. Nilikuwa naijua. Nilikuwa naijua wakati wote.»

Alinitazama kwa muda, akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa pembeni.

«Aksanti, mwana wangu,» alisema.

Nimelelewa katika nyumba ambayo uongo ulipigiwa fimbo, na huo ndio uongo pekee ambao mama amewahi kunishukuru kwa ajili yake. Dosye ile sasa haina neno la siri. Baba huja baada ya misa ya Dimanshi, anaketi kando yangu, ananisahihisha, tumeshafika ukurasa wa sita na bado mimi sijazaliwa. Na nimejiwekea nadhiri moja tu, ndogo: kompyuta ikiniuliza tena mbele ya watu, popote pale, nitalitaja jina la Paluku kwa sauti.